Tembo wamerudi kijijini kwetu: ni dola za watalii ndizo zilizowarudisha, au kuna kitu kingine?

#1 Mwana wa Ushoroba
Wakuu salaam.

Kijiji chetu kiko ndani ya jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori (WMA), yaani vijiji vilivyotenga ardhi kwa ajili ya wanyama, kwenye ushoroba, njia ya wanyama kati ya hifadhi za Tarangire na Manyara. Jina la kijiji silitaji, mwenyekiti wetu naye yumo humu anasoma kimyakimya. Nilipokuwa mdogo, kuona tembo mchana ilikuwa habari ya kusimulia wiki nzima. Siku hizi wanapita nyuma ya zahanati. Twiga ndiyo usiseme.

Kila semina tunayoitiwa tunaambiwa utalii endelevu ndio umewarudisha. Mtalii analipa, kijiji kinapata gawio, mwanakijiji anaona faida, anaacha kutega nyaya na kukata miti, wanyama wanaongezeka, mtalii anarudi. Mwezeshaji anachora duara kwenye bango, tunapiga makofi, tunasaini posho, tunaondoka.

Mimi nasema duara hilo lina tundu. Gawio likifika linajenga darasa au linamalizia nyumba ya mwalimu. Sawa. Lakini tembo hali mahindi ya kijiji, anakula mahindi ya mtu mmoja mwenye jina lake, usiku mmoja, shamba lote. Darasa ni la wote, hasara ni ya yule mmoja. Sasa huyu mmoja anahifadhi kwa faida ipi? Na kama haoni faida, mbona tembo hawauawi?

Kwa hiyo kuna kingine kinachowalinda. Ni nini? Naomba wenye uzoefu, wenye vipeperushi wapumzike.

#2 Kifimbo
Hicho kingine kinaitwa kesi ya nyara za serikali, yaani kukutwa na nyama au pembe za mnyama wa porini. Uzi ufungwe.

#3 Dereva Vumbi
Mkuu #1, pole, ila hela za utalii usizibeze kirahisi hivyo. Naendesha wageni mzunguko wa kaskazini. Nikiingia kwenye hizo jumuiya zenu nalipia. Mgeni akilala kambi iliyo ndani ya eneo lenu kuna tozo ya kila usiku, na mwekezaji ana mkataba anaoulipia. Toa hiyo hela leo uone. Lile pori mngeshalipima viwanja na mashamba ya ufuta mpaka kwenye kingo za hifadhi.

Nikupe mfano ambao wengi hawaujui. Wanyama wa Tarangire hawaishi Tarangire mwaka mzima. Kiangazi wako mtoni, mvua zikianza nyumbu na pundamilia wanatoka kwenda uwanda wa Simanjiro kuzalia, kwa sababu nyasi za kule zina madini wanayoyahitaji wanyama wanaonyonyesha. Uwanda ule ni ardhi ya vijiji, si hifadhi. Ukilimwa, hifadhi inabaki na jina. Mwaka 2005 baadhi ya kampuni za utalii zilikubaliana na kijiji cha Terrat ziwe zinakilipa kila mwaka ili sehemu ya uwanda isilimwe. Mifugo inachungwa kama kawaida. Wageni hata hawapelekwi pale. Yaani zinalipia wanyama wapate mahali pa kuzalia, ili waje kuonekana kwingine. Kama huo si utalii unaohifadhi, niambie unaitwaje.

#4 Pilipili Kichaa
Nimetandika mkeka. Endeleeni.

#5 Msomi wa Mezani
Mfano wa Terrat ni mzuri lakini una swali ndani yake. Wale ni wafugaji. Uwanda usipolimwa wanaofaidi kwanza ni ng'ombe wao. Inawezekana kampuni zililipia jambo ambalo wenyeji walikuwa wanalitaka tangu zamani, hela ikawapa nguvu ya kuwakatalia wageni wanaokuja kuomba mashamba. Bado ni faida, ila sababu ni malisho, utalii umeongezea tu.

Tuje kwenye takwimu, maana uzi usipopewa namba utaishia kwenye hisia. Sensa za wanyamapori zilikuta Tanzania ina tembo 109,051 mwaka 2009. Mwaka 2014 wakabaki 43,330. Miaka mitano. Na katika miaka hiyohiyo watalii wa kimataifa walikuwa wanaongezeka! Dola zilikuwa zinaingia na tembo wanakwisha. Kilichobadilisha upepo baada ya hapo ni operesheni dhidi ya majangili, kesi kubwa mahakamani, na China kufunga soko lake la ndani la pembe za ndovu mwishoni mwa 2017.

Kwa hiyo Kifimbo #2 kwa sentensi yake moja amekaribia ukweli kuliko bango la semina.

#6 Kifimbo
Naomba hilo liandikwe kwa wino mwekundu.

#7 Dereva Vumbi
Msomi, umeleta takwimu ukaacha ramani. Tembo walikwisha wapi? Selous na Ruaha. Selous peke yake walishuka hadi 13,084 mwaka 2013. Huko ni pori kubwa, magari ya watalii yalikuwa ya kuhesabu, sehemu kubwa ilikuwa vitalu vya uwindaji. Kaskazini, ambako kuna gari la wageni kila kona, hatukupoteza kwa kiwango hicho. Jangili hapendi mashahidi. Mimi na madereva wenzangu tukiona mzoga au tai wanazunguka tunapiga simu getini muda huohuo.

Na Kenya tusiwasahau, wao walipofunga uwindaji mwaka 1989 walibaki na utalii wa picha pekee na wanyama wao wapo.

#8 Mhasibu Kivuli
Sahihisho. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977. Mwaka 1989 ndipo Rais Moi alipochoma pembe, tani 12. Watu huchanganya.

#9 Dereva Vumbi
Sawa, 1977. Hoja iko palepale.

#10 Tabora Kwetu
Haipo palepale kwetu sisi. Mnajadili kama vile kila WMA iko njiani kuelekea Serengeti. Ikona ina vijiji vitano na imepakana na Serengeti, kambi zinagombania nafasi. Burunge iko barabarani kutoka Arusha. Njooni huku Ipole na Uyumbu, miombo tupu, mbung'o, barabara ya masika unaijua mwenyewe. Mtalii wa picha aje kupiga picha ya mninga? Mapato yetu ni uwindaji na asali. Kitalu kikikosa mwekezaji, jumuiya haina hata mafuta ya pikipiki ya doria, na askari wetu wa vijiji, VGS, wanazunguka kwa miguu yao wenyewe bila posho.

Lakini pori bado lipo. Sasa kwa maelezo ya Dereva lilipaswa liwe limekwisha siku nyingi. Kwa maelezo ya Msomi pia, maana doria zenyewe ndizo hizo. Sisi tunasema pori lipo kwa sababu ya nyuki. Mrina asali hakubali mti wake uchomwe moto. Wazee walikuwa wanaweka mizinga humo kabla ya neno utalii kufika Tabora.

#11 Kifimbo
Na mbung'o mkuu, mpe haki yake. Mhifadhi nambari moja wa nchi hii, hajawahi kulipwa semina.

#12 Msomi wa Mezani
Kifimbo anatania lakini mbung'o, kwa malale yake yanayozuia watu na ng'ombe kuhamia, ameokoa mapori mengi kuliko sheria. Turudi kwenye mada.

Tabora Kwetu, unagusa jambo zito. Sera ya wanyamapori ya 1998 ndiyo iliyoleta wazo la WMA, sheria ya 2009 ikalipa nguvu zaidi. Kwenye kanuni, jumuiya inatakiwa igawe angalau nusu ya mapato yake kwa vijiji wanachama. Nusu ya kingi na nusu ya kidogo ni vitu viwili tofauti. Vijiji vyote vinatoa ardhi, lakini ukubwa wa gawio unategemea uko umbali gani na uwanja wa ndege.

#13 Mama Shamba la Mpakani
Habari zenu. Mimi sina takwimu, nina shamba.

Mtoa mada umeniandikia maisha yangu. Tembo waliingia mahindi yakiwa yameanza kukauka. Tulipiga madebe, tukamulika tochi, VGS wakaja na mabomu baridi, yale ya mlio tu, wakawaswaga. Wakaenda mpaka bondeni, tukalala, wakarudi kabla ya jogoo. Asubuhi nikaenda kwa mtendaji, akaja bwana shamba kupima, tukajaza fomu. Wanaita kifuta jasho. Akifa mtu wanaita kifuta machozi.

Nikwambieni kanuni zilivyosema wakati huo, zile za 2011 tulizosomewa: mtu alilipwa kwa ekari, haikuzidi laki moja kwa ekari, na hazikuhesabiwa zaidi ya ekari tano hata kama umeliwa kumi. Mtu akiuawa na mnyama, familia ilipewa milioni moja. Milioni moja! Jeneza, msafara wa kwenda kuzika, wageni wa matanga, imekwisha kabla ya arobaini.

Fomu yangu ilikaa. Nikiuliza wilayani naambiwa iko mkoani, mkoani iko juu zaidi. Nilipopata, shamba lile nilikuwa nimeshalivuna tena. Kwa hiyo mtu akiniambia tembo ni mali yetu, namuuliza, mali gani inayomla mwenye mali?

#14 Pilipili Kichaa
Mama umemaliza. Pole sana.

#15 Ole Jirani
Niaje ndugu zangu wa Bongo. Mimi ni wa Narok, upande wa Mara. Niruhusuni niingie kama jirani.

Hapa kwetu sheria ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama familia ilipwe shilingi za Kenya milioni tano. Mama, usiruke kwa furaha, kuna familia zimengoja miaka. Serikali iliandika kiasi kikubwa bila kuweka pesa ya kutosha kwenye mfuko. Kati ya kidogo kinachokuja na kikubwa kisichokuja, sijui nichague kipi.

Lakini kuhusu lile tundu la mtoa mada, sisi tulijaribu kuliziba kwa njia nyingine. Ranchi zetu za pamoja ziligawanywa, kila mtu akapata hati yake. Halafu kambi za watalii zikaja kukodi ardhi ya watu walioungana, ndiyo hizo hifadhi za jamii mnazosikia, Olare Orok, Mara North, Naboisho. Mwenye ekari zake analipwa kwa ekari, kila mwezi, pesa inaingia kwa benki au kwa simu. Simba akila ng'ombe wangu naumia, lakini mwezi ukiisha kuna kitu kimeingia kwa jina langu, si kwa jina la kijiji. Huhitaji mwenyekiti. Watu walikubali kuhamisha boma kwa sababu hiyo, na idadi ya vitanda inadhibitiwa, magari hayajazani kwa duma mmoja kama yanavyojazana kule ndani ya hifadhi ya kaunti.

Ndiyo maana nasema tatizo lenu si utalii. Ni kwamba pesa inapita mifuko mingi kabla ya kufika kwa mwenye hasara.

#16 Mwana wa Ushoroba
Ole Jirani, asante. Hili ndilo nililokuwa nalitafuta. Lakini nina maswali. Kwetu ardhi ya kijiji ni ya kijiji, hatuna hati za mtu mmojammoja kwenye malisho. Tukigawana ili kila mtu alipwe, nani atamzuia jirani yangu asiuze? Na wale ambao hawakupata hati kwenu, wanakula nini?

#17 Mhasibu Kivuli
Kabla hajajibu, niongeze mifano ya kugawana mapato, maana kila nchi ina fomula yake. Rwanda ilipandisha kibali cha kuona sokwe wa milimani hadi dola 1,500 mwaka 2017, na mwaka huohuo fungu la jamii zinazozunguka hifadhi likatoka asilimia 5 hadi 10 ya mapato ya utalii ya hifadhi. Uganda wao wanatoa asilimia 20 ya mapato, ni mara mbili ya Rwanda. Kwa hiyo ukitaka kijiji kipate, soma Uganda.

#18 Msomi wa Mezani
Mhasibu, na wewe leo nikusahihishe. Asilimia 20 ya Uganda ni ya kiingilio cha getini, si ya kibali cha sokwe, na kibali ndicho chenye hela. Asilimia kubwa ya kitu kidogo. Watu wa Bwindi wamelilalamikia hilo miaka mingi. Na Wabatwa, waliokuwa wakiishi ndani ya msitu ule kabla haujafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, hasara yao ilikuwa msitu mzima. Hakuna fomula ya geti inayoirudisha.

#19 Mhasibu Kivuli
Nimekusoma. Ila sokwe wameongezeka. Sensa zilizotangazwa zilifikisha 1,063 kwa Virunga na Bwindi pamoja. Huwezi kuutoa utalii kwenye hadithi hiyo.

#20 Binti Kusini
Asalaam alaykum. Mie ni wa Unguja, naona kila mtu anasema tembo na simba. Nyinyi wa bara mna mambo.

Pale msitu wa Jozani, kima punju wakishuka mashambani wanakula majani machanga ya miti ya watu. Wakulima waliungana wakaunda umoja wao, na katika mapato ya wageni wanaokuja kuwatazama kima, lipo fungu linalokwenda kwa wenye mashamba yanayoliwa. Mwenye shamba, si shehia peke yake. Lile tundu linazibika, ila ni kwa sababu kima wanakaa mahali padogo na wageni wanafika kila siku, hesabu inajulikana. Tembo anayetembea wilaya nzima mtamlipia nani?

Kizimkazi sasa ndiyo kisa kirefu. Zamani pomboo walikuwa wakivuliwa, nyama inafanywa chambo cha papa. Utalii ulipoingia miaka ya 1990 watu wakaona pomboo aliye hai analipa kila asubuhi, uvuvi ule ukafa. Hapo Dereva ana haki. Lakini nendeni leo msimu wa wageni. Maboti yanamzunguka pomboo mmoja pande zote, mama na mtoto hawapumziki, wageni wanajirusha majini juu yao. Tumeacha kuwaua, tumeanza kuwachosha. Miongozo ya kuwakaribia ipo, nahodha anayeifuata anaambiwa na mgeni wake "mbona wenzako wamesogea?" na bahashishi inakwenda kwa yule mwengine.

Kisiwa cha Chumbe wao wamefanya kinyume. Hifadhi ya matumbawe tangu 1994, vibanda saba tu, maji ya mvua, vyoo visivyotumia maji, walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa hapohapo. Mwamba umenona. Lakini vibanda saba! Haviwezi kulisha kisiwa cha Unguja.

#21 Kifimbo
Kwa hiyo utalii ukiwa mwingi unachosha pomboo, ukiwa mchache haulishi watu. Nani ana kipimo cha katikati tukinunue?

#22 Mgumu Mstaafu
Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro, ndiyo maana jina liko hivyo, wapagazi tunaitwa wagumu. Nawasoma mnazungumzia wanyama na vijiji, hakuna anayeuliza mfanyakazi wa utalii mwenyewe.

Kampuni moja niliyopanda nayo, sitaitaja, ilikuwa inajitangaza kuwa rafiki wa mazingira. Kweli takataka tulizishusha zote, hata za kampuni nyingine. Chupa za plastiki hakuna. Mgeni akishuka anaandika maoni mazuri mlima ni safi. Lakini sisi tulilala kumi na kitu kwenye hema la kulia chakula baada ya wageni kumaliza, na mzigo uliovuka kilo 20 unapitishwa kwenye mzani kwa ujanja, ukivuka geti unaongezewa. Chakula mara moja kwa siku. Mshahara tuliusubiri mjini wiki.

Kwa hiyo ukisikia endelevu, uliza endelevu kwa nani. Mlima ulitunzwa. Mgumu hakutunzwa. Ziko kampuni zinazolipa vizuri, nimefanya nazo pia, tofauti niliiona kwenye viatu.

#23 Dereva Vumbi
Mgumu, hilo ni kweli tupu na halisemwi. Bei ya safari ikishushwa sana, anayelipa tofauti ni mgumu, mpishi na dereva. Mgeni anayetafuta safari ya bei ya chini halafu anauliza kama ni endelevu, mimi huwa nanyamaza naangalia barabara.

#24 Mwananchi Mwenye Hasira
Mnazunguka tu. Semeni Ngorongoro na watu wake waliohamishiwa Msomera. Semeni Loliondo. Utalii huo ndio unaohamisha watu. Hayo ya nyuki na pomboo ni mapambo.

#25 Mlinzi wa Jukwaa
Uzi wa Ngorongoro upo, una kurasa nyingi, hoja zipelekwe kule. Nimeacha post #24 kwa sababu swali lake linahusu mada, matusi yaliyofuata nimeyaondoa. Ya pili yatafungiwa.

#26 Msomi wa Mezani
Swali la #24 linahusu kweli. Chanzo cha ugomvi wote huu ni kwamba hifadhi ikishaanza kuingiza hela, ardhi yake inapanda thamani, na kila anayeishi pale anaanza kuonekana kikwazo. Nadharia ya semina inasema thamani ikipanda mwenyeji anafaidi. Anafaidi kama haki yake ya ardhi imeshaandikwa kabla ya hela kufika. Hela ikitangulia, ataandikwa mwingine.

Halafu kuna mtihani ambao tulipewa bure na hatujausahihisha. Mwaka 2020, corona. Tanzania tulitoka watalii milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000. Kama utalii ndio ukuta, ukuta ulianguka. Nini kilitokea huko mliko?

#27 Tabora Kwetu
Huku hakuna aliyegundua kuna tofauti. 😄

#28 Dereva Vumbi
Mimi nilirudi kijijini kulima vitunguu. Kwenye jumuiya moja ninayoijua VGS walikaa bila posho, wengine wakaacha. Nyama ya porini ilianza kuuzwa kwa kunong'onezana, ile ya swala na pundamilia, watu walikuwa na njaa. Tembo hawakuguswa.

#29 Ole Jirani
Kwetu kambi zilifungwa na malipo ya ardhi yakapunguzwa. Watu wengine walianza kuweka uzio. Hapo ndipo nilipoona udhaifu wa mpango wetu: tulihamisha boma na malisho kwa ahadi ya mtu aliye ndege mbili mbali. Hajafika, hujalipwa, na uzio wa jirani ukishawekwa hautolewi mtalii akirudi.

Bwindi, Uganda, sokwe dume aliyeitwa Rafiki aliuawa Juni 2020. Aliyemuua alisema alikuwa anawinda wanyama wadogo, akafungwa miaka 11. Kila mtu hapa atachukua kisa hicho kuthibitisha hoja yake.

Mtoa mada, kukujibu #16. Waliokosa hati hawali kitu. Hati nyingi ni za wanaume, mama mjane ana bahati kama mtoto wake anamkumbuka mwisho wa mwezi. Vijana waliozaliwa baada ya ardhi kugawanywa hawana ekari, wana simu tu ya kuangalia ya baba imeingia ngapi. Na kuuza, ndiyo, wanauza. Kwa hiyo tumeziba tundu lako tumetoboa lingine. Lakini mimi bado nachagua letu.

#30 Mwana wa Ushoroba
Nimekuelewa. Mimi bado sijachagua. Nikiangalia kijijini kwetu naona maelezo manne, na kila mzee ana lake. Mmoja anasema VGS na kifungo. Wa pili anasema tembo wamekuja kwa sababu njia zao nyingine zimezibwa na mashamba na barabara, yaani hawajaongezeka, wamesukumwa kwetu. Wa tatu ni mjumbe wa jumuiya, yeye anasema gawio, na yeye ndiye anayekwenda vikaoni. Wa nne, mfugaji mzee, anasema wao hawajawahi kula nyama ya porini, kwa hiyo swali zima ni la watu wa mjini.

Huyo wa pili ananisumbua zaidi, maana kama ni kweli, mafanikio tunayopigiwa makofi ni wakimbizi.

#31 Kijana wa Kilifi
Nachelewa lakini nisome #20 na #29 pamoja. Suluhu ya kutegemea mgeni ni kuwa na mapato ambayo hayapandi ndege. Gazi, kule Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko na tangu 2013 unauza hewa ukaa, yaani wanunuzi wa nje wanalipia kaboni inayohifadhiwa na mikoko, hela inakwenda kwa maji na shule za vijiji viwili. Arabuko-Sokoke watu wengi walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo unanunua pupa za vipepeo (kiwavi akiwa kwenye ganda kabla hajawa kipepeo) kwa wakulima wa kando ya msitu na kuzisafirisha nje. Pupa inatoka kwa mkulima, hela inarudi kwa mkulima. Na Kuruwitu wavuvi wenyewe walifunga kipande cha mwamba, 2005, kwa sababu samaki waliisha. Watalii walikuja baadaye, baada ya samaki.

Mpangilio huo ni muhimu. Kwanza walihifadhi kwa njaa yao.

#32 Binti Kusini
Huo ndio msingi. Pemba na Unguja nako wanafunga mwamba wa pweza kwa miezi, siku ya kufungua ni sherehe, pweza wakubwa. Mgeni hayumo kwenye hesabu. Ila Kijana, hewa ukaa nayo mnunuzi wake yuko Ulaya. Hapandi ndege lakini anaweza kufunga pochi vilevile.

#33 Kijana wa Kilifi
Hapo umenibana. Naenda kufikiri.

#34 Mama Shamba la Mpakani
Mmeandika mengi na nimesoma yote, mengine mara mbili. Tabora Kwetu ametaja nyuki, na mimi nimesikia tembo anaogopa nyuki, kwamba Kenya wanazungushia shamba mizinga badala ya waya. Ole Jirani au yeyote, ni kweli au ni ya semina?

#35 Ole Jirani
Ni kweli mama, walijaribu karibu na Tsavo, Sagalla. Mizinga inaning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Wengi wanageuka. Ugumu wake ni kwamba mizinga ikiwa mitupu haimtishi mtu, na kiangazi kirefu nyuki wanahama.

#36 Tabora Kwetu
Wawekee maji, mama. Beseni lenye vijiti vya kutulia wasizame, na usifyeke maua yote kando ya shamba. Mzinga uupake nta ndani kabla hujauning'iniza. Ukianza na mizinga michache yenye nyuki, inayotosha upande wanaoingilia tembo, ni afadhali kuliko kuzungusha shamba zima mizinga mitupu.

#37 Mama Shamba la Mpakani
Wanaingilia upande wa bondeni. Nitaanza huko. Mizinga ya gogo inafaa, au lazima ile ya kisasa ya mbao?

#38 Tabora Kwetu
Ya gogo inafaa, ni mizito tu kuning'iniza. Nitumie ujumbe wa ndani.

#39 Dereva Vumbi
Asali ikipatikana nina wageni, wananunua kila wanachoambiwa kimetoka shamba la tembo.

#40 Kifimbo
Haya, utalii umerudi kwa mlango wa nyuma. Mama, mkataba usome kabla ya kusaini.